Risasi Isiyo na Mlio

Ukitaja ajali ya kiwanda, Mkenya husikia mlio kwanza. Husikia tangi likilipuka, king'ora cha gari la zimamoto, mayowe ya akina mama wakitafuta watoto. Ndivyo tulivyozoea. Mnamo Septemba 12, 2011, petroli ilivuja kutoka bomba la Kenya Pipeline katika eneo la viwanda jijini Nairobi, ikateremka kwa mtaro hadi mtaa wa mabanda wa Sinai, na moto uliozuka ukaua zaidi ya watu mia moja. Nchi nzima ilisimama. Vivyo hivyo, usiku wa kuamkia Desemba 3, 1984, gesi ya sumu ilipotoroka kutoka kiwanda cha dawa za kuulia wadudu cha Union Carbide mjini Bhopal, India, ulimwengu ulishtuka, maana watu walikufa kwa maelfu.

Misiba ya aina hiyo ina jambo moja la kushukuru, kama binadamu anaweza kushukuru mbele ya maiti: haikanushiki. Hakuna mkurugenzi awezaye kusimama mbele ya kamera na kusema moto haukuwako.

Lakini ipo ajali nyingine isiyolia. Haina tarehe. Haina saa. Zimamoto hawaitwi. Hiyo ndiyo iliyonitia wasiwasi miaka hii ya karibuni, na chanzo cha wasiwasi wangu ni kitu ambacho kila nyumba kwetu Keumbu imewahi kuwa nacho: betri.

Tuanze na neno lenyewe. Kiswahili kina neno moja, risasi, kwa vitu viwili: kile kitokacho katika mtutu wa bunduki, na ile metali nzito, laini, ya rangi ya kijivu, ambayo ndiyo iliyoyeyushwa tangu zamani kutengenezea hicho cha kwanza. Sijui kama waliotuachia neno hilo walitaka kutuonya, lakini onyo lipo. Risasi ya bunduki hulia na humpata mtu mmoja. Hii nyingine huingia kwa vumbi, kwa maji, kwa kidole cha mtoto aliyetoka kuchezea mchanga akashika embe. Mwili huidhania kuwa ni kalisi, ile ijengayo mifupa, ukaiweka akiba mifupani kwa miaka mingi. Mwanamke akishika mimba, mifupa yake ikitoa kalisi kumlisha mtoto tumboni, risasi nayo hutoka pamoja nayo. Kwa mtoto mchanga hushambulia ubongo ungali unakua: akawa mzito wa kushika masomo, mwepisi wa hasira, mwenye tumbo la kuuma kila mara. Shirika la Afya Duniani limesema wazi kwamba hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama.

Sasa hebu fikiria mtoto huyo yuko kijijini kwenu. Mwalimu atasema ni mjinga. Jirani atasema amerogwa, na sisi Abagusii, Mungu atusamehe, kwa habari ya kurogwa hatuhitaji kushawishiwa sana. Hakuna atakayesema, "Huyu amepigwa risasi."

Mjini Mombasa, katika eneo la Jomvu, kuna mtaa wa mabanda uitwao Owino Uhuru wenye wakazi wapatao 3,000. Kuanzia mwaka 2007, ukuta kwa ukuta na mtaa huo, kampuni ya Kenya Metal Refineries EPZ iliendesha kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ili kutoa risasi ya kuuza ng'ambo. Moshi wake ulitua juu ya mabati na juu ya nguo zilizoanikwa. Maji yake machafu yalipita katikati ya nyumba za watu. Wakazi walikohoa, wakawashwa ngozi, mimba zikatoka. Wataalamu walipokuja baadaye kuwapima watoto damu mwaka 2015, baada ya kiwanda kufungwa, wakawalinganisha na wenzao wa mtaa mwingine wa mabanda wa Mombasa uitwao Bangladesh, walikuta risasi katika damu ya watoto wa Owino Uhuru ikiwa takriban maradufu. Mitaa yote miwili ni ya maskini. Ugali ni ule ule, jua ni lile lile. Tofauti ni kile kiwanda.

Basi msomaji atauliza: Owino Uhuru iko pwani, Keumbu iko milimani Gusii, kwenye barabara ya kutoka Kisii kwenda Keroka, mwandishi ameunganisha vipi?

Ameunganisha kwa sababu malighafi ya kiwanda hicho haikuchimbwa Mombasa. Ilikusanywa. Na mimi nilikulia mahali inakokusanywa.

Nilipokuwa msichana mdogo, stima ilikuwa ya watu wa barabarani na wa hospitali. Sisi wa ndani tulitazama televisheni ya rangi nyeusi na nyeupe kwa nguvu ya betri ya gari. Ilikuwa fahari ya boma. Siku ya mechi kubwa, majirani walijaa sebuleni hadi mlangoni, na tata, ndivyo tunavyomwita baba mzazi, angeketi karibu na betri kana kwamba analinda sanduku la sadaka. (Neno "baba" kwetu ni la mama mzazi. Wageni wakisikia mtu mzima akimwita mamake "baba" hudhani amelewa.) Picha ikianza kusinyaa kutoka kingo za kioo, tulijua kesho kuna safari ya sokoni kuchaji.

Pale Keumbu, nyuma ya wanawake wanaouza ndizi, alikuwako fundi wa betri. Banda lake lilinukia kitu kikali kilichokwaruza koo. Suruali yake ilikuwa na matundu madogo madogo kana kwamba imeliwa na nondo. Ilikuwa ni tindikali. Betri ikikataa kabisa kushika moto, aliipasua kwa panga, akamwaga tindikali mtaroni, akatoa vibao vya ndani na kuvigonga chini ili unga wa kijivu udondoke, kisha akavirundika pembeni. Mikono mitupu. Watoto tulisimama kutazama kama tunavyotazama mchinjaji. Mvua ya alasiri, na kwetu mvua ya alasiri haikosi, iliosha ule unga ukateremka na maji kuelekea bondeni, kwenye migomba na kwenye chemchemi.

Baada ya wiki moja au mbili alikuja mtu wa lori, akapima, akalipa, akapakia. Hatukuuliza lori linakwenda wapi. Betri haina cheti cha kuzaliwa. Ikishayeyushwa, hakuna awezaye kusema kipande hiki ni cha Keumbu na hiki ni cha Kitale. Na hilo ndilo linaloipendeza biashara hii. Kila aliyeigusa betri njiani anaweza kuapa kwa Biblia kwamba sumu si yake.

Kilichovunja ukimya wa Owino Uhuru kilitoka ndani ya kiwanda chenyewe. Mwaka 2009 kampuni ilimwajiri mwanamke kijana, Phyllis Omido, kazi yake ikiwa ni kushughulikia uhusiano na majirani. Mojawapo ya majukumu yake ya kwanza ilikuwa kusimamia ripoti ya athari za kiwanda kwa mazingira. Wataalamu walipomwonyesha kwamba majirani wamo hatarini, aliwaeleza wakubwa wake, nao hawakutaka kusikia. Muda si muda mwanawe mchanga akaugua, homa isiyosikia dawa, hadi alipopimwa na kukutwa na risasi katika damu. Mama huyo alikuwa akitoka kazini na kumnyonyesha. Aliacha kazi na kuanza kubisha milango: ya ofisi za serikali, ya waandishi wa habari, ya majirani ambao mwanzoni walimwogopa kwa kuwa waume zao waliajiriwa pale pale. Mwaka 2012 alikamatwa na kushtakiwa kwa uchochezi, mahakama ikamwachilia. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka uliofuata alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman, na mwaka 2023 tuzo ya Right Livelihood ya nchini Sweden.

Kisa hiki kina ndugu yake Japani. Katika mji wa Minamata, kampuni ya Chisso ilimwaga zebaki baharini kwa miaka mingi. Mwaka 1956 wagonjwa wa kwanza walitambuliwa rasmi: wavuvi na watoto waliotetemeka, wasioweza kusema wala kutembea sawasawa. Daktari wa kampuni yenyewe, Hajime Hosokawa, alichukua maji taka ya kiwanda mwaka 1959, akayachanganya katika chakula cha paka, naye paka akaanza kutetemeka kama watu wale. Kampuni ikauficha ukweli huo. Zebaki iliendelea kumwagwa hadi mwaka 1968. Miaka tisa, jibu likiwa kabatini!

Ninapoyaweka mambo haya mawili kando kando, naona kwamba tunakosea tunapodhani kampuni huchafua kwa kutojua. Aghalabu mtu wa kwanza kujua hulipwa mshahara na kampuni hiyo hiyo. Wajibu wa kampuni, kwa maoni yangu, huanza siku ambayo mwajiriwa anabisha mlango wa bosi akiwa na karatasi mkononi. Lililotokea kabla ya hapo laweza kuitwa ajali. La baadaye lina jina jingine.

Wakazi wa Owino Uhuru walikwenda mahakamani. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi, na kifungu cha 70 kinasema mlalamishi hahitaji kuonyesha kwamba kuna mtu aliyekwisha kudhurika. Yaani huna haja ya kusubiri jeneza ndipo uende kortini. Mnamo Julai 16, 2020, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 na mchanga wao usafishwe, la sivyo zitolewe shilingi milioni 700 za kazi hiyo. Furaha ikawa ya muda, kwani mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ilizifuta bilioni hizo na kutaka hesabu irudiwe. Ilibidi kesi ipande tena, hadi Mahakama ya Juu, ambayo mnamo Desemba 6, 2024 ilirudisha fidia ile ya bilioni 1.3. Miaka kumi ilikuwa imekwisha tangu kiwanda kufungwa. Mtoto aliyekuwa akinyonya wakati huo sasa ana sauti nzito.

Nilichukua kalamu nikagawanya. Bilioni 1.3 kwa watu 3,000 ni kama shilingi 433,000 kwa kila mmoja. Pale kwenye steji ya Keumbu, hiyo ni bei ya pikipiki mbili au tatu. Si haba, na sitamdharau mtu atakayeipokea. Lakini ubongo wa mtoto hauna spea.

Katika hukumu ya 2020 lipo jambo lililowashangaza wengi. Mahakama iligawa lawama kwa asilimia, na sehemu kubwa kuliko zote, 40, ikaiangukia NEMA, mamlaka ya serikali ya kusimamia mazingira. Kiwanda chenyewe kilibeba 25. Mwenye ardhi naye hakuachwa, wala mamlaka ya maeneo ya viwanda vya kuuza nje, wala wizara. Nimesikia watu wakilalamika kwamba ni kumwonea polisi na kumsamehe mwizi. Mimi sioni hivyo. Kwetu ng'ombe wa mtu akila mahindi ya jirani, wazee humtoza mwenye ng'ombe. Lakini ikigunduliwa kwamba yule aliyewekwa kulinda ua alifungua lango na kwenda zake, hakuna mzee atakayemwacha aende nyumbani akanywe chai. Ninachokilalamikia mimi ni kitu kingine. Asilimia 40 ya NEMA hailipwi na mkubwa yeyote wa NEMA. Hulipwa na mfuko wa umma, yaani na mama muuza ndizi wa Keumbu anaponunua sabuni yenye kodi ndani yake. Mchafuzi hulipa, ndivyo kanuni inavyosema, na mchafuzi akifunga milango na kuondoka, mlipaji ni nani?

Ndipo ninaporudi kwenye bei. Kilo ya betri kuukuu hununuliwa kwa bei inayomfanya kijana asukume mkokoteni jua kali kutoka Keroka. Risasi ni zaidi ya nusu ya uzito wa betri, nayo haiozi, haichakai. Yaweza kuyeyushwa na kutumika tena na tena. Kwa hivyo kuirudisha kiwandani ni jambo jema, na asije mtu akasema nataka betri zitupwe mtoni. Lakini kuna namna mbili za kuirudisha. Ya kwanza ni tanuri lililofungwa, lenye vichujio vya moshi, tindikali ikitibiwa, wafanyakazi wakivaa barakoa, wakioga kabla ya kwenda nyumbani na kupimwa damu mara kwa mara. Hiyo ni ghali. Ya pili ni panga, mtaro na bomba la moshi. Hiyo ni rahisi, na kwa kuwa ni rahisi, mwenyewe anaweza kumpa kijana wa mkokoteni bei nzuri zaidi. Gharama iliyobaki huandikwa katika damu ya watoto, ambao hawatoi risiti.

Yaliyotokea Senegal yanatosha kumwonyesha asiyeamini. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008, huko Thiaroye-sur-Mer, kitongoji cha mji mkuu Dakar, watoto 18 walikufa kwa sumu ya risasi. Hapakuwa na kiwanda kikubwa wala mwekezaji wa kigeni. Palikuwa na betri zilizopasuliwa, na wanawake waliochekecha mchanga kwa mikono wakitafuta chembe za risasi za kuuza, watoto mgongoni.

Sasa stima imefika kwetu, televisheni ni bapa na ya rangi, na mtu angedhani betri zimetuaga. Wapi! Hesabu pikipiki pale kwenye steji, kila moja na betri yake chini ya kiti. Hesabu sola juu ya mabati. Hesabu matatu.

Nilikwenda nyumbani mwezi wa Aprili nikakuta kijana wa mkokoteni amesimama langoni, anazungumza na mama. Alikuwa na umri wa miaka ishirini hivi, mwenye adabu, kofia mkononi.

"Mama, niuzie hiyo ya sola," alikuwa akisema. "Nitakupimia mbele ya macho yako."

Mama alinitazama. "Mwambie wewe uliyesoma. Bei yake ni sawa?"

"Bei ni sawa," nikasema. "Kaka, betri hizi ukizichukua zinaenda wapi?"

"Dada, mimi namfikishia mwenye yadi Kisii mjini. Huko mbele ni kwao."

"Na ile maji ya ndani?"

"Hiyo tunamwaga kwanza. Yadi hawalipi uzito wa maji." Alicheka kidogo, si kwa ubaya. Kisha akaniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: "Kama si mimi, dada, ungeipeleka wapi?"

Nilikumbuka kwamba sheria ya taka iliyopitishwa na Bunge letu mwaka 2022 inamtwika mwenye kutengeneza bidhaa, au kuiingiza nchini, mzigo wa kuishughulikia hata ikishakuwa taka. Kwa betri, maana yake ni kwamba anayetuuzia mpya ana wajibu juu ya kuukuu. Ni sheria nzuri. Ikifanya kazi, hata lile jambo la asilimia lingekuwa jepesi, maana betri ingekuwa na mwenyewe tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho. Kwa hiyo kesho yake nilikwenda hadi duka lililomuuzia mama ile betri ya sola. Nilimkuta kijana wa kaunta akipanga mpya rafuni, zimemetameta, kila moja na karatasi ya dhamana.

Nilimweleza kwa upole. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Madamu," akasema, "hapa sisi tunauza. Kurudisha labda waulize wale wa Nairobi."

"Wale wa Nairobi ni nani?"

Alizungusha betri moja akatafuta maandishi. Palikuwa na jina la kibiashara, volti, na onyo dogo lenye picha ya pipa la taka lililopigwa mkasi. Anwani haikuwako.

Betri ya mama bado iko pale pale. Nimeiinua juu ya matofali mawili nyuma ya ghala, mbali na birika la maji, nikaifunika gunia, na wajukuu wamekatazwa kufika huko. Yule kijana wa mkokoteni amepita mara mbili tangu siku hiyo, na mama ananiambia kwa simu kwamba safari hii ameongeza bei.